Swali la Sita na Wiki ya Mbalamwezi

Ninyi vijana mnaopita hapa Bangwe, Kigoma, na vishikwambi mkononi kuuliza watu kama wana kazi ama hawana, nimewaona. Mnapiga hodi mmesimama, mnauliza mmesimama, mnaondoka kabla kikombe cha maji hakijafika. Halafu redio inatangaza kwamba ukosefu wa ajira nchini umepanda, au umeshuka, na watu wanabishana juu ya namba hiyo kama wanabishania mpira. Mimi nikiisikia najiuliza kitu kimoja tu: aliyeuliza alikaa wapi?

Nimefanya kazi hiyo miaka mingi kuliko niliyokaa kwenye ndoa. Wameniondoa kwa sababu sina cheti cha kidato cha nne, na macho yangu hayaelewani na kile kioo chenu. Sawa. Umri wangu si wa kuitwa bibi, lakini wakishakuita mstaafu, umestaafu. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda inyoosheni wenyewe. Ila majina ya waliotaka kunizamisha sitayapindisha. Wa kwanza Sospeter Malugu, aliyekuwa msimamizi wetu. Wa pili Yoramu, mwenyekiti wa kitongoji chetu. Kama wapo hai, wasome. Kama hawapo, wasomewe.

Mimi ni Muha wa Mwamgongo, kule kaskazini ya Gombe ambako unafika kwa boti. Niliolewa ng'ambo, Burundi. Vita vikala mume wangu na nyumba yangu, nikarudi na binti yangu Yusta mgongoni na sufuria moja isiyo na mfuniko. Ilikuwa ile miaka ambayo watu walikuwa wanamiminika Kigoma kwa miguu na kwa mitumbwi, mpaka huwezi kujua nani mgeni na nani mwenyeji isipokuwa umjue jina. Yoramu jina langu alilijua. Tulichimba mchanga pamoja tukiwa watoto. Nilipotua pwani akanitazama kama mzigo ulioshushwa kimakosa.

"Wakimbizi wanaandikwa kule, chini ya turubai."

"Yoramu, ni mimi."

"Wewe nani? Si uliolewa Burundi? Basi ni wa Burundi."

Nyuma ya maneno hayo lilikuwepo shamba la marehemu baba yangu, ambalo Yoramu alikuwa ameshapanda mihogo yake. Mkimbizi hana shamba, mnaelewa? Nikienda kambini, shamba ni lake. Basi. Hilo ndilo lilikuwa neno lote.

Nikahifadhiwa na shangazi Leokadia, upande wa juu wa kijiji, na nikawa naenda Kibirizi, kwenye bandari ya boti karibu na mji wa Kigoma, kununua vitu vya kuuza. Huko ndiko nilikopata kazi, tena kwa kugombana. Mwenye boti alitaka kuniacha, nikamsema kwa Kiha, na alipojifanya hasikii nikamsema kwa Kirundi. Mzee mmoja wa Ujiji, kofia yake nyeupe, alikuwa amekaa juu ya gunia anacheka mpaka anajipangusa machozi. Jina lake Mzee Hamimu. Alikuwa amefanya kazi ya kuuliza na kuandika watu tangu ujana wake.

"Mama Yusta," akasema, maana alisikia abiria wakiniita hivyo, "ndimi mbili zote hizo unazitumia kutukania tu?"

"Shikamoo mzee. Ningekuwa na ya tatu ningeitumia pia."

"Marahaba. Njoo kesho ofisini."

Ulikuwa utafiti wa nguvukazi, na walikuwa wanatafuta mkalimani wa vijiji vya mwambao. Nikapewa. Yoramu akagonga mhuri wake kwenye barua yangu ya kazi huku amenuna, akasema mbele ya shangazi: "Utakaa hapa kwa sababu ya kazi hii. Siku ukiachishwa, wewe na mtoto wako mtapanda lori la kambini, na mimi mwenyewe nitawasindikiza." Kwa hiyo mkisoma yanayofuata, mkumbuke lile lori. Mimi sikulisahau hata siku moja.

Mzee Hamimu alinifundisha kazi kwa muda wa boti moja kutoka Kibirizi mpaka Mwamgongo. Kwanza, kaa. Ukikosa kigoda, kaa chini. Mtu aliyesimamiwa anajibu kama yuko polisi. Pili, mtazame mikono kabla ya mdomo. Mdomo unasema "mimi nipo tu," mikono ina magamba ya samaki mpaka kwenye kiwiko. Tatu, fukuza wasikilizaji, na wa kwanza kumfukuza awe mwenyekiti.

Halafu akanifundisha fomu. Swali la tano: katika siku saba zilizopita ulifanya kazi yoyote, hata ya saa moja? Akisema ndiyo, unauliza kazi gani, na kama ni kilimo unauliza shamba ni lake au la mtu mwingine. Akisema hapana, hapo ndipo watu wanapoharibu. Unaingia swali la sita: je, una kazi ambayo umeisimamisha kwa muda tu na utairudia? Akisema ndiyo, huyo ana kazi, mwandike na wenye kazi. Akisema hapana, ndipo unamwuliza kama anatafuta.

"Na asiyetafuta?" nikauliza.

"Asiye na kazi na anatafuta, tunamhesabu kuwa amekosa kazi. Asiye nayo na hatafuti hatumhesabu kwenye nguvukazi kabisa. Si mwenye kazi, si mkosa kazi. Kivuli."

Neno hilo lilinikaa. Nilikuwa kivuli mimi mwenyewe, ningeshindwaje kulielewa?

Na msidhani kivuli ni mvivu. Miaka ya baadaye, nikiwa nimeshakomaa, niliwahi kumhoji kijana mmoja Ujiji, jina lake Shabani, aliyekuwa anakaa karibu na forodha kila asubuhi. Nikamwuliza unatafuta kazi? Akasema hapana. Nikaanza kuandika hatafuti, mkono ukakataa. Nikamwuliza, sasa hapa unafanya nini kila siku? "Nangoja meli, mama. Ikija kuna mizigo." Na isipokuja? "Nangoja." Sasa huyo utasema hatafuti? Anatafuta kwa makalio! Yule wa mjini anatembeza barua, huyu anatembelewa na meli. Niliporudi ofisini na swali hilo walinicheka, halafu wakaandika maelezo yake kwenye kitabu cha wadadisi, maana ndivyo tunavyoitwa sisi waulizaji. Mkikisoma kitabu chenu na mkakuta habari ya wanaongoja mizigo, mjue imetoka kwa Shabani.

Na watu wa kambini vivyo hivyo. Kutoka nje ya kambi walikuwa hawaruhusiwi, lakini alfajiri unawakuta kwenye mahindi ya Waha wanalima kwa kupewa debe la mihogo. Ukimwuliza mbele ya watu, hafanyi kazi. Ukimsalimu kwa Kirundi, "Amahoro," ukakaa, ukazungumzia mvua na bei ya chumvi, mwisho atakuonyesha malengelenge. Namba ya nchi nzima imejengwa kwa malengelenge kama hayo, wanangu. Usipoyaona, namba yako ni hewa.

Sasa nirudi Mwamgongo.

Tulifika kijijini mbalamwezi imewaka, mimi na Sospeter; Mzee Hamimu aliendelea na boti kwenda kijiji cha mbele. Nyinyi wa mjini mnafurahia mbalamwezi. Huku mwambao haina faida. Dagaa wanafuata mwanga wa karabai, na mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote ni karabai, dagaa wametawanyika, nani atawavuta? Kwa hiyo wiki ile wavuvi wanapandisha mitumbwi mchangani, wanashona nyavu, wanalala, wanagombana na wake zao. Giza likirudi na wao wanarudi majini. Kila mtoto wa Mwamgongo analijua hilo kabla ya kujua kuhesabu.

Sospeter hakulijua. Alikuwa mtu wa bara, msafi, ana peni nne mfukoni, na boti ilikuwa imemtapisha njia nzima. Akasema yeye ataandika upande wa juu wa kijiji, ana homa, hivyo mimi nimsaidie kwenda upande wa chini, pwani. "Lakini mimi ni mkalimani tu," nikasema. "Unajua kusoma? Chukua penseli." Kisha akaenda kwa Yoramu, akaketi barazani, samaki wa kuchoma, mgebuka, akaletwa. Hakuondoka pale siku mbili. Homa gani inakula mgebuka mzima na kichwa chake?

Mimi nikashuka pwani. Nikakaa kila nyumba. Wanaume wote walijibu swali la tano kwa namna moja: hapana, wiki hii sikufanya kazi. Nikawauliza la sita kwa Kiha, na wakanishangaa.

"Mama Yusta, ng'ambo walikuroga? Mwezi si huo hapo juu? Ukienda na sisi tunaenda."

Nikaandika: ana kazi. Nyumba baada ya nyumba. Mwandiko wangu wa darasa la tano, penseli naibana mpaka vidole vinauma.

Tulirudi mjini tukakabidhi. Siku ya pili yake nikaitwa. Mkuu wa utafiti alikuwa amefika kutoka Dar es Salaam, mama mmoja mfupi mwenye miwani, tulimwita Bi Tunu. Ametandaza fomu mezani mafungu mawili. Sospeter amesimama pembeni. Mzee Hamimu amekaa, kofia mkononi, na sijawahi kumwona bila kofia kichwani.

"Kijiji kimoja, ziwa moja," akasema Bi Tunu. "Upande wa chini wanaume karibu wote wana kazi. Upande wa juu karibu wote hawana na hawatafuti. Nani ananidanganya?"

Sospeter hakumeza hata mate. "Mama, niliumwa. Huyu mkalimani nikampa upande wa chini siku mbili zile, nikamwamini. Kumbe amepika majibu. Ni mkimbizi, mama. Anawatetea watu wake. Nimeshaandika barua aondolewe, na mwenyekiti wa huko ameiwekea mhuri."

Barua ilikuwepo. Mhuri wa Yoramu nikautambua, umekaa upande kama kawaida yake. Nikaliona lori.

Mzee Hamimu akasema taratibu, "Bi Tunu, mpishi anajulikana jikoni. Twende."

Bi Tunu akafunga fomu zote kwenye mfuko. "Kesho. Nitachagua nyumba mwenyewe, hakuna atakayeambiwa."

Tukaenda sote, Sospeter akitapika tena, Mungu nisamehe nilifurahi. Mwezi bado ulikuwa mkubwa, kwa hiyo wanaume walikuwepo pwani na nyavu zao. Bi Tunu akakaa mchangani. Mchangani, na gauni la Dar! Nikajua huyu anaijua kazi. Akamwuliza mvuvi wa kwanza la tano, akamwuliza la sita, akajibiwa mwezi. Wa pili, mwezi. Wa tatu akasema, "Mama, hivi huko kwenu mwezi hauwaki?" Bi Tunu akacheka, akamgeukia Sospeter.

"Kwenye fomu zako swali la sita limepigwa mstari. Zote. Kwa nini?"

"Lilikuwa linarudia, mama. Kuokoa muda."

Nikaanza kupumua. Mapema mno. Maana Bi Tunu akamgeukia mke wa yule mvuvi, Mama Eliza, akafungua fomu niliyoandika mimi: "Hapa imeandikwa mama wa nyumbani, hana kazi, hatafuti. Ni kweli?"

"Ndiyo, mimi nipo tu," akasema Mama Eliza.

"Na magunia yale?"

"Dagaa zangu. Nilizianika giza lililopita, nazishusha Ujiji Ijumaa. Jana nimezichambua mchana kutwa."

"Nani alizianika?"

"Nani tena? Mwezi?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimewaandika wanawake wote wa pwani hivyo hivyo, wote vivuli, kwa sababu walisema nipo tu, na mimi mwenyewe nimezoea kusema nipo tu. Mikono niliitazama ya wanaume peke yake. Sospeter akaona, meno yakamtoka. "Si nilisema, mama? Fomu zake hazifai."

Nilikuwa na njia mbili. Kusema Mama Eliza alinidanganya, au kusema kweli na kupanda lori. Nikamtazama Mzee Hamimu. Akatazama ziwa, hakunisaidia.

"Hapo nimekosa mimi," nikasema. "Si huyu peke yake. Wanawake wote niliowaandika. Naomba nirudie nyumba zote, hata leo, hata bila malipo."

Bi Tunu akaikunja fomu ya Mama Eliza. Akachomoa fomu nyingine. "Twende juu. Nyumba ya Leokadia."

Kwa shangazi! Tukapanda, kijiji kizima nyuma yetu, na Yoramu naye akatoka barazani kwake akajiunga, mikono nyuma, kama mwenye sherehe. Shangazi alikuwa anamenya mihogo. "Mwakeye," akatusalimu, akatoa kigoda. Bi Tunu akakaa.

"Bibi, huyu bwana alikuja hapa kukuuliza?"

"Huyu? Namwona leo. Hakuna aliyekuja hapa."

Bi Tunu akasoma fomu kwa sauti, na alisoma kama anayesoma tangazo la ndoa kanisani. "Mtu wa pili katika kaya: mwanamke, mkimbizi. Katika siku saba zilizopita hakufanya kazi yoyote. Hatafuti kazi." Akavua miwani. "Ni nani huyu?"

"Ni mimi," nikasema.

Kisu cha shangazi kikaanguka ndani ya beseni.

"Bwana Malugu, wiki hiyo nani aliandika fomu za upande wa chini?"

Sospeter akaanza kueleza habari ya homa yake.

"Ulisema mwenyewe. Siku mbili. Kwa hiyo mwanamke huyu alikuwa ameshika penseli yako, anafanya kazi yako, na wewe ukamwandika hana kazi wala hatafuti. Nani alikupa majibu haya?"

Macho ya Sospeter yakaenda kwa Yoramu kabla ya mdomo wake. Yoramu akaanza kurudi nyuma, lakini kijiji kilikuwa kimemzunguka.

"Unakwenda wapi, mwenyekiti?" shangazi akamwita. "Kaa ule mgebuka!"

Mlikuwa hamjazaliwa, mmekosa kicheko kile. Walicheka mpaka watu wa pwani wakapanda kuuliza kuna nini. Bi Tunu akaichana ile barua ya kuniondoa vipande vinne, akavitia kwenye mkoba wake, kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa taka kwa watu. Akanipa fomu mpya na penseli, akainuka kwenye kigoda.

"Kaa. Jijaze mwenyewe."

Nikakaa. Ulifanya kazi? Ndiyo. Kazi gani? Nikaandika: mdadisi.

"Wewe ni mkalimani," akasema.

"Mkalimani anasema, mama. Mimi niliandika."

Hakulifuta. "Basi maliza kitongoji. Upande wa juu wote, halafu wanawake wote wa chini, na safari hii utazame mikono yao. Nyumba inayofuata ni ya nani?"

Ilikuwa ya Yoramu.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa nilivunja sheria na sitaki mniige. Sheria ni kufukuza wasikilizaji. Siku ile sikumfukuza hata kuku. Nikakaa kwenye kiti chake mwenyewe barazani, kile alichokalia Sospeter, nikachonga penseli taratibu.

"Mzee mwenyekiti, katika siku saba zilizopita ulifanya kazi yoyote, hata ya saa moja?"

Akakohoa. Akisema hapana mbele ya mkewe na majirani waliomwona na jembe, ni mwongo. "Nililima."

"Ulilima nini?"

"Mihogo."

"Shamba hilo ni lako, au la mtu mwingine?"

Lilikuwa swali la kwenye fomu. Sikuliongeza mimi. Akamtazama Bi Tunu, Bi Tunu akamngoja. Akawatazama watu. Wazee waliokuwepo baba yangu alipolifyeka lile shamba walikuwa mstari wa mbele, wamekunja mikono.

"La mtu mwingine," akasema.

"Ongea kwa sauti, mzee. Mwandiko wangu ni wa darasa la tano, nisije nikakosea."

"La mtu mwingine! La baba yako!"

Nikaandika. Polepole, herufi moja moja, huku nikisoma kwa sauti kila neno ninaloliandika, na nilipofika mwisho nikaweka nukta, nikaibonyeza mpaka karatasi ikatoboka.

Mihogo ile tuliing'oa sisi, mimi na Yusta, mvua zilipokatika.